Filamu ya Ukame, Msimu wa Mvua

Jumatatu, 9 Januari 1922

Mvua, siku ya nne. Kwa miaka saba nimetengeneza filamu fupi thelathini na moja za kuchekesha, na sikuwahi kuandika shajara, maana mwenye kazi hana nafasi ya kuandika. Sasa nafasi ninayo. Nimepewa filamu ndefu ya kwanza maishani mwangu, mikanda mitano, inayohusu mji mdogo usioona tone la mvua kwa miaka mitatu, na huku Los Angeles inanyesha usiku na mchana.

Jukwaa letu halina paa. Lina vitambaa vyeupe vya kupunguza makali ya jua, basi. Leo vitambaa vilikuwa vimejaa maji na kuning'inia kama matumbo ya ng'ombe wenye mimba. Nilikaa chini yake na Cora Belding, anayeandika hadithi pamoja nami. Alikuwa akifundisha shule Nebraska, na studio nzima inamwita Mwalimu.

"Tuigeuze iwe filamu ya mafuriko," akasema.

"Tukiigeuza, mvua itakoma kesho yake."

"Basi tuigeuze leo, Gus. Unangoja nini?"

Sikucheka. Nilizunguka jukwaa mara kumi na moja. Goti linauma.

Jumanne, 10 Januari

Mvua.

Alhamisi, 12 Januari

Tumeazima taa na kufanya kazi ndani ya ghala. Tad Dunphy alifika saa nne wakati tulikubaliana saa mbili.

Huyu Tad tulikuwa naye jukwaani miaka tisa, Dunphy na Reinholt, kutoka Boston hadi Omaha, yeye anaanguka, mimi namfukuza. Goti langu lilipovunjika Toledo nikaishia nyuma ya kamera, yeye akabaki mbele yake. Leo watoto wa miji ambayo sijui hata iko wapi wanamjua kwa viatu vyake tu. Simwonei kijicho. Nimeandika hivyo, na nimeisoma tena, na naiacha.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Anakula supu, meya anaingia nyuma yake, mimi napiga kelele "Geuka!", naye anageuka na kummwagia meya supu. Kazi yangu yote ni kelele, kwani kamera haisikii. Nilisema "Geuka." Akaendelea kula. Nikasema tena. Meya alisimama pale na tumbo lake kama mtu aliyekosea nyumba.

"Samahani, mzee mwenzangu," Tad akasema nilipomshika bega. "Nilikuwa mbali."

"Mbali wapi?"

"Kwenye supu."

Watu wakacheka. Mara ya tatu akageuka kwa wakati wake. Nils Osgard, Mnorwe wetu wa kamera, alizungusha mkono wa kamera bila kusema neno, kama kawaida yake. Mdomo wa Tad ulinuka peremende. Serikali imepiga marufuku pombe mwaka wa pili sasa, na kila mnywaji wa mji huu ananuka peremende.

Jumanne, 17 Januari

Asubuhi mvua, mchana mawingu, jioni jua kwa dakika ishirini, sote tukakimbia nje na vifaa, kisha mvua.

Ijumaa, 20 Januari

Bwana Strood, mwenye studio, aliniita ofisini. Anakula biskuti kavu kwa ajili ya tumbo lake na unga wake umetapakaa juu ya meza kama vumbi la mbao.

"Reinholt, nilikupa mikanda mitano. Umenipa supu."

"Mvua, Bwana Strood."

"Mvua inawanyeshea na wenzako. Royce Pell kamaliza filamu mbili humo humo kwenye mvua."

Royce Pell ni kijana wa miaka ishirini na mitatu anayeweza kutembea kwa mikono kwenye ukingo wa paa. Strood alimtaja mara tatu. Nilipotoka, Tad alikuwa amekaa kwenye ngazi akitazama matone yakianguka katika ndoo. Nilimwita. Hakuitika. Nilimpita, naye akanipungia mkono kwa uchangamfu kana kwamba nimetokea ardhini.

Nilitembea hadi kituo cha treni na kurudi. Sikuwa na safari.

Jumatano, 25 Januari

Mwalimu ameandika kilele cha filamu. Tad ni mlinzi wa tangi la maji la mji, tangi la mbao juu ya miguu minne. Ndani yake mna maji ya mwisho ya mji mzima. Polisi anamfukuza, Tad anapanda ngazi ya tangi, miguu inavunjika, tangi linaanguka, na maji yaliyobanwa miaka mitatu yanamwagika barabarani mbele ya watu wenye vikombe.

Ni nzuri. Niliisoma nimesimama. Nilimwambia haina ubaya, na uso wake ukaonyesha kwamba alitegemea zaidi ya hapo.

Mafundi wameanza kulijenga bondeni. Refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Litaanguka mara moja tu, hatuna la pili.

Jumanne, 31 Januari

Jua. Siku nzima. Nilikuwa nimesahau watu wanavyokuwa na vivuli.

Tulipiga picha za gari la farasi. Tad anavuka njia akisoma gazeti, mgongo kwa gari, na gari likifika hatua sita mimi nasema "Ruka!" Nilisema. Nilipiga ukelele hadi koo likachanika. Hakuruka. Mwendesha farasi aliwavuta hatamu hadi wakasimama kwa miguu ya nyuma, na gurudumu likapita juu ya kofia ya Tad iliyoanguka. Akaiokota. Akaitazama ilivyobapa, akaivaa hivyo hivyo, na watu waliokuwa wameshika vichwa wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilimvuta kando.

"Umekunywa."

"Eti nini?"

"Umekunywa, Tad. Saa tatu asubuhi."

Alitazama mdomo wangu kwa muda. "Sijanywa kitu, Gus."

"Ungekufa leo. Mimi ningekuwa nimekuua mbele ya kamera."

"Lakini sikufa," akasema, akaondoka akijishika kwenye ukuta.

Ijumaa, 3 Februari

Mvua imerudi. Nimemwandikia Strood barua. Nimeeleza kwamba Dunphy si wa kutegemewa kwa sababu ya kinywaji, kwamba tukio la tangi ni la hatari na linataka mtu mwenye akili zake, na kwamba kama studio itaona vema kumweka Pell, mimi sitapinga. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Niliipeleka mwenyewe, nisije nikabadili nia.

Kisha nilikwenda kula nyama ya kusaga na viazi na sikuvimaliza.

Jumatatu, 6 Februari

Nitaandika yote, ijapokuwa mkono hautaki.

Strood hajajibu. Jumamosi na Jumapili nilizunguka nyumba yangu kama mtu aliyepoteza funguo. Leo asubuhi nikaona si haki Tad aisikie habari hii ofisini. Nikapanda gari la umeme la relini hadi kwake. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote, makali na ya kiume.

Winnie, mkewe, alinifungulia.

"Karibu, shemeji. Una sura ya mtu aliyekuja kugombana."

"Yuko wapi?"

"Jikoni, anatengeneza saa ya mama yangu. Pita."

Tad alikuwa amenipa mgongo. Alikuwa ameiuma saa ile ya mezani kwa meno ya mbele, ukingoni, na kufumba macho. Nilidhani ni mchezo. Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti ninayotumia bondeni. Alikaa vilevile, na saa mdomoni.

Winnie alinipita bila kuniangalia. Akapiga sakafu ya mbao kwa kisigino, mara mbili. Tad akageuka papo hapo, akatoa saa mdomoni, akaniona, na uso wake ukabadilika kama wa mtoto aliyefumaniwa.

"Inatembea," akamwambia mkewe, kuhusu saa. Aliisikia kwa meno.

Nilikaa. Sikualikwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza Winnie.

"Muulize mwenyewe. Mtazame usoni, sema polepole, usipige kelele. Ukipiga kelele mdomo unapinda, hausomeki."

Miaka saba kazi yangu ni kelele. Nikamtazama nikasema polepole, "Tangu lini, Tad?"

"Tangu siku ya mzinga."

Sihitaji kuikumbuka kwa sababu sikuwahi kuisahau. Ilikuwa Oktoba, ile filamu fupi ya wanajeshi. Mzinga ulilia na moshi ukawa hafifu. Mtu wa baruti aliniambia inatosha. Nikasema ongeza. Ukalia tena, moshi ukawa mzuri ila mwembamba, nikasema ongeza tena. Tad alikuwa umbali wa mkono mmoja. Mlipuko ulipotoka alitikisa kichwa kama mbwa aliyetoka majini, akatikisa, akatikisa, na sote tulicheka mpaka machozi. Sikukikata kipande kile. Ndicho kilichochekesha kuliko vyote katika filamu nzima.

"Sikio la kushoto lilikufa siku ile," akasema. "La kulia limeondoka pole pole. Krismasi lilikuwa bado linasikia kengele. Sasa dunia inazunguka pia, baadhi ya siku. Peremende inazuia kutapika."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie ili iweje? Mchekeshaji kiziwi watu watamhurumia. Mtu akikuhurumia hacheki. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

"Na ndani ya ghala, mara ya tatu, uligeukaje kwa wakati?"

"Nils. Ukisema neno, yeye anainua kofia kidogo. Namwona kwa pembe ya jicho. Siku ya gari la farasi nilimpa mgongo."

Winnie aliweka kahawa mbele yangu. Nilikunywa. Barua sikuitaja. Nilikaa saa nzima katika jikoni ya mtu yule na barua sikuitaja.

Jumanne, 7 Februari

Nilimkuta Nils akipangusa lenzi.

"Ulijua."

"Tangu Novemba, bosi."

"Na hukunieleza?"

Nadhani hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizosikia kwake. "Hukuuliza. Wewe huuliza ukiwa na jibu tayari. Mtu akiwa na jibu, mimi nampunguzia kazi."

Nikaenda kwa Strood. Barua yangu ilikuwa juu ya meza, na unga wa biskuti juu yake.

"Nimekuja kuichukua," nikasema. "Nilikosea. Dunphy hanywi."

"Vizuri. Basi ana nini?"

Hapo nikakwama. Nikisema ukweli, Tad amekwisha. Studio hii inamsamehe mlevi, kwa vile mlevi huamka asubuhi akawa mzima. Nikinyamaza, uongo wangu unabaki mezani. Strood alikata biskuti kwa sauti iliyojaza chumba.

"Ni mimi," nikasema. "Namwelekeza vibaya. Natoa neno nikiwa nimechelewa, kisha namlaumu. Mvua imenivuruga. Nilitafuta wa kumtwisha."

Aliiweka biskuti chini. Si mjinga. "Unajua unachokisema, Reinholt?"

"Najua."

"Mwongozaji asiyejua wakati wa kutoa neno ana kazi gani hapa?"

"Niimalize hii kwanza."

"Imalize. Tangi nitakuja kulitazama mwenyewe. Dunphy ndiye atakayepanda, hakuna mbadala. Akichelewa kuruka, yeye na wewe mtatoka kwa mlango mmoja." Akanisukumia barua. "Hii chukua. Mwandiko mzuri."

Alhamisi, 9 Februari

Nimemwambia Tad. Mdomo wangu haukuweza, kwa hiyo nilimpa barua yenyewe. Tulikuwa kwenye banda la bondeni, mvua ikipiga bati, kelele ambayo yeye hakuwa anaisikia. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho akarudi juu akaanza tena.

"'Mtu mwenye akili zake,'" akasoma. "Umeandika mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ungeniuliza tu, Gus."

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza. Uliniambia nimekunywa."

Akaikunja, akanirudishia, akatoka mvuani bila kofia. Hata kama angenisikia nikimwita, leo asingeitika.

Jumatano, 15 Februari

Mvua. Hasemi nami. Anafanya kazi, anasoma kofia ya Nils, anafika saa mbili kamili. Tad hajawahi kuwa mzuri hivi. Mwalimu amejua yote, sijui nani kamwambia. Hakunilaani. Alisema tu, "Nilidhani unamwonea kijicho, nikakuonea huruma. Huruma ile nairudisha."

Alhamisi, 16 Februari

Mvua.

Jumatatu, 20 Februari

Leo nimewaita watatu, Mwalimu, Nils na Tad, chini ya tangi. Limesimama katika tope, zuri na baya, limejazwa maji, miguu yake miwili ya mbele imekatwa msumeno hadi robo tatu. Lori litavuta kamba, miguu itavunjika, na Tad ataruka kushoto kwenye mkokoteni wa nyasi kavu. Akiruka mapema, hakuna kichekesho. Akichelewa, mbao zitamwangukia.

"Kofia haitoshi," Nils akasema. "Pale juu ananipa mgongo. Hanioni."

"Nani atakuwa mbele yake?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna," nikasema. "Polisi tu, yuko chini yake kwenye ngazi."

Tukatazamana. Nadhani nilikuwa wa mwisho kung'amua kwamba polisi ni mimi.

"Umekuwa na goti hilo miaka saba," Mwalimu akasema. "Linapanda ngazi?"

"Linapanda. Kushuka ndiko kugumu."

"Hapa hushuki. Unaanguka."

Tad alikuwa akifuata midomo yetu, huyu kisha yule. Kwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja akaniangalia machoni. Jukwaani, miaka ile tisa, hatukuwahi kuhesabu wala kuitana. Nilikuwa nikimtazama na yeye akajua nusu pumzi kabla. Tuliiita jicho. Wachekeshaji wenzetu walikuwa wakituuliza tunafanyaje.

"Jicho," nikasema, polepole.

"Jicho la mtu aliyeandika barua," akajibu.

"Ndilo nililonalo."

Akaitikisa ngazi kwa mkono kupima uimara wake. "Mwalimu, wewe je, una sauti ya kuongoza?"

"Nimefundisha darasa la watoto sitini na wawili, baba zao wote wafuga nguruwe."

"Basi panda sanduku la Gus."

Alhamisi, 2 Machi

Mvua imeacha tangu jana. Tumepangia Jumatatu. Nimevaa sare ya polisi kuijaribu. Imebana. Nilitembea nayo ndani ya nyumba hadi mpangaji wa chini akagonga dari.

Jumatatu, 6 Machi

Naandika nikiwa bado nimelowa.

Jua lilitoka saa tatu. Strood alikuja na kiti chake na biskuti zake. Wanakijiji wetu wa kuigiza walipanga mstari na vikombe vyao. Mpango ulikuwa huu: lori linapovuta na mguu wa kwanza kutoa mlio, Mwalimu anainua skafu nyekundu, mimi naiona nikiwa kwenye ngazi, natoa jicho, Tad anaruka, mimi namfuata.

Mwalimu alisimama juu ya sanduku langu. Sauti yake ilifika ng'ambo ya bonde. "Kamera." Nils akaanza kuzungusha. "Tad." Nils akainua kofia. Tad akakimbia kwa mwendo wake ule wa viatu, akaparamia ngazi. "Polisi." Nikakimbia. Miaka saba, na mwili ukakumbuka kila kitu isipokuwa umri wake.

Nilipanda. Soli za viatu vyake zilikuwa juu ya uso wangu. Akageuka kunitazama, kama tulivyopanga, huku amening'inia kwa mkono mmoja, na akanivua kofia ya polisi akaivaa. Hilo hatukulipanga. Nikasikia watu wakicheka chini. Nikaitafuta skafu. Mwalimu alikuwa ameishika kiunoni, lori halijaanza hata kuvuta.

Ndipo nilipohisi ngazi ikitetemeka. Mvua ya miezi miwili ilikuwa imekula ardhi chini ya miguu ya tangi, na uzito ule wote ulikuwa unaondoka wenyewe, bila kamba, bila neno, na upande ule ule wetu. Sikutoa jicho. Sikutoa chochote. Nilisahau kwamba mimi ni polisi, nilisahau kamera, nilisahau hata kuruka. Niliganda pale nikiwa nimefumbua mdomo.

Tad aliusoma uso wangu. Au aliisikia ngazi kwa miguu, kama anavyosikia kisigino cha mkewe. Hakungoja. Aliachia, na akiwa anapita aliikamata kola ya sare yangu kwa mkono wote na kuning'oa kwenye ngazi kama mtu anavyong'oa kitambaa kwenye msumari.

Nyasi. Kisha mlio ambao sijui kuuandika, mbao zote zikisema pamoja. Kisha maji. Yalitujia kwa uzito wa ng'ombe, yakatutoa mkokotenini, yakatupeleka barabarani, mimi chali, Tad amenikalia kifuani na kofia yangu kichwani. Tukakomea mbele ya wanakijiji. Mmoja wao, mzee ambaye hakuambiwa afanye lolote, akainama akachota maji kwa kikombe chake kutoka mfukoni mwa sare yangu.

Nils hakuacha kuzungusha.

Mwalimu alikuwa ameshuka kwenye sanduku, amekaa kwenye tope, amejifunika uso kwa skafu nyekundu. Tad alipanguza maji machoni na kunitazama.

"Umeumia?" akauliza.

"Goti."

"Lile lile?"

"Lingine."

Alicheka. Mimi pia, kisha nikatapika maji ya mji mzima.

Jumatano, 8 Machi

Strood ametazama picha za tangi mara nne, peke yake. Amempa Tad mkataba wa miaka miwili. Kwangu alikuwa na maneno machache.

"Ni kipande kizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka bonde hili. Lakini nilikuwapo, Reinholt. Hakuna neno lililotolewa. Watu wawili nusura wafe na mwongozaji alikuwa kwenye ngazi akifumbua mdomo."

"Kweli."

"Kata filamu, unganisha, kisha tuagane. Mwongozaji wa Pell ndiye atakayemwongoza Dunphy." Akasita. "Yule mwanamke anapiga kelele vizuri. Ana hadithi nyingine?"

"Anazo nyingi. Msikilize kabla hajakuomba."

Nilipomweleza Tad, alisema atakwenda kuvunja mkataba. Winnie alipiga kisigino sakafuni kabla sijajibu, Tad akamtazama, akanyamaza. Wana watoto watatu. Mkataba haukuvunjwa, wala sikutaka uvunjwe.

Ijumaa, 17 Machi

Nakata na kuunganisha. Jua kali kila siku, sasa ambapo hatulihitaji. Kuna studio ndogo upande wa mashariki inayotaka mtu wa kubuni vichekesho, kukaa kwenye meza na kuwaandikia wengine. Nimekubali.

Alhamisi, 23 Machi

Onyesho la kujaribu, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mji mmoja wa wakulima wa michungwa ambako hakuna anayetujua. Tulikuwa sita kwenye mstari wa mbele kabisa. Kinanda kilianza. Tad akainuka, akakigeuza kiti chake, akakaa kuwatazama watu na kuipa filamu mgongo.

"Nitazame nini kule?" akasema. "Nilikuwapo."

Mimi nilitazama mbele nikisikiliza. Supu ilichekesha. Gari la farasi lilichekesha sana. Mikanda mitatu ilikwenda nikiwa nimeshika mbao za kiti. Likaja tangi. Polisi akapanda, kofia ikavuliwa, kicheko kikubwa. Halafu uso wangu ukatokea kwenye kitambaa cha picha, ule uso wenyewe, mdomo wazi, na ukumbi ukazimika. Hakuna kicheko, hakuna kikohozi. Ilikuwa sekunde tatu ila nilizisikia kama mazishi. Maji yakamwagika na watu wakalia kwa kucheka hadi mpiga kinanda akapotea katika wimbo, lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye kile kimya.

Nje, kwenye jua, nilisema kabla mtu hajasema, "Uso wa polisi nitaukata kesho. Unaua kichekesho."

Mwalimu hakuwa na hakika. Nils akainua mabega. Tad alikuwa akinifuata mdomo.

"Wewe ulisikia nini?" akaniuliza.

"Kimya. Hawakucheka."

"Ulisikia kimya. Mimi niliwaona." Akanishika mkono wa koti, asije akalazimika kuinua sauti ambayo hajui tena ni kubwa kiasi gani. "Kuna mama mnene mstari wa tatu, alikuwa na mfuko wa karanga. Alipouona uso wako aliushika mkono wa bwana mmoja ambaye si wake. Bwana yule hakuuondoa. Mzee wa nyuma yao alisimama. Mstari mzima waliacha kutafuna. Wakati huo hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuacha kunitazama mimi."

"Ndiyo maana nataka kuukata."

"Ndiyo maana utauacha. Waliogopa nitakufa, Gus. Ndipo maji yalipokuja wakacheka vile. Mwongozaji wa Pell hatajua hilo, wewe utakuwa umeondoka, kwa hiyo nalisema sasa. Uache."

Winnie alikuwa ameshatangulia kituoni, akatupungia mkono kwamba treni imeonekana. Tulikimbia, yeye na viatu vyake, mimi na magoti yangu mawili.

Ijumaa, 24 Machi

Nimeuacha. Kazi mpya inaanza Jumatatu.